Kasoro za mgawanyiko wa seli: mahali ambapo saratani inaweza kushikwa peke yake

Mwaka 1890, mjini Berlin, mtaalamu wa patholojia David von Hansemann alieleza jambo alilokuwa akiliona kwenye hadubini alipochunguza vipande vya saratani: seli zilikuwa zikigawanyika ovyo. Badala ya kujigawa pande mbili zilizo sawa, baadhi zilijivuta pande tatu au nne kwa mara moja, na nyingine ziliacha sehemu kubwa ya vinasaba upande mmoja na kidogo upande wa pili. Hadi leo madaktari wa maabara huzitumia picha kama hizo kuutambua uvimbe mbaya. Kilichobadilika ni swali linaloulizwa. Kwa muda mrefu watafiti walitaka kujua kasoro hizo zinatokana na nini na zinaufanya ugonjwa kuwa mkali kiasi gani. Katika miongo miwili iliyopita wameanza kuuliza kama seli inayogawanyika vibaya haitegemei msaada fulani ambao seli yenye afya haiuhitaji, na kama msaada huo unaweza kukatwa bila kuudhuru mwili mzima.

Swali hilo huchanganywa mara kwa mara na wazo la zamani zaidi, lile linalosema kwamba dawa za saratani huua seli zinazogawanyika haraka. Mawazo haya mawili yanafanana kwa maneno tu. La kwanza linatazama namna seli inavyogawanyika, la pili linatazama kasi yake, na tofauti hiyo ndiyo iliyogharimu viwanda vya dawa miaka mingi ya kazi isiyozaa matunda.

Ili kuielewa, inafaa kwanza kutazama mgawanyiko unaokwenda vizuri. Seli ya binadamu inapojiandaa kugawanyika hunakili kromosomu zake 46, na kila kromosomu hubaki imeshikamana na nakala yake. Baadaye sentrosomu mbili, ambazo ni mikusanyiko midogo ya protini iliyo nje ya kiini cha seli, husogea kila moja upande wake, na kutoka kwenye ncha hizo mbili huota nyuzi nyembamba zinazoitwa mikrotubuli. Nyuzi hizo hazitulii: hurefuka, hufupika, hurefuka tena, zikipapasa ndani ya seli mpaka ziziguse kromosomu na kuzishika. Kila kromosomu na nakala yake hushikwa kutoka pande zote mbili, hupangwa katikati ya seli, kisha huachanishwa na kuvutwa kuelekea ncha zinazokabiliana. Kazi yote hiyo huchukua muda wa saa moja hivi. Kabla ya kuachanishwa kuna ukaguzi, kwa maana protini kama MAD2 na MPS1 huizuia seli isiendelee mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa inavyotakiwa. Jeni za mwanzo za ukaguzi huu zilitambuliwa mwaka 1991 katika hamira, kuvu ile ile inayoumua unga wa mkate, na zimeonekana kuwa karibu zile zile katika mwili wa binadamu.

Juu ya nyuzi hizo hutembea protini za mwendo, nyingi zikiwa za ukoo wa kinesini, ambazo hubeba mizigo, husukuma ncha za seli ziachane, hufunga nyuzi pamoja, au hudhibiti urefu wake. Msomaji akumbuke kwamba protini hizi hazina umuhimu sawa kwa kila seli, maana hapo ndipo mantiki ya tiba mpya inapoanzia.

Dawa za mwanzo zilizolenga mgawanyiko zilipatikana kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango. Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada walichunguza majani ya vinka yaliyotumwa kutoka Jamaika, ambako chai yake ilisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Sukari katika damu ya panya haikushuka. Kilichoporomoka ni chembe nyeupe za damu, kwa kuwa majani yale yalikuwa na kitu kinachozuia seli za uboho zisigawanyike. Vinka ni mmea wenye asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe, na katika mwambao wetu hupandwa mbele ya nyumba kama pambo tu. Kutokana nao zilipatikana vinblastini na vinkristini, ambazo huzuia mikrotubuli zisijengeke. Dawa nyingine, paklitakseli, ilitoka kwenye gome la mti uotao katika misitu ya magharibi mwa Marekani, gome lililokusanywa kwa uchunguzi mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walichapisha muundo wake wa kikemia mwaka 1971, na mwaka 1979 Susan Horwitz akaonyesha kwamba inafanya kinyume cha vinka: huzikazisha mikrotubuli zisiweze kubomoka. Nyuzi zisizojengeka na nyuzi zisizobomoka zina matokeo yale yale, kwa kuwa kromosomu haziwezi kupangwa, ukaguzi hautoi ruhusa, na seli hukwama katikati ya kazi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda, uvimbe ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1967 kituo cha kuutibu kilianzishwa hapo hapo Mulago na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto waliopewa siklofosfamidi, dawa inayoharibu vinasaba vya seli, na baadaye siklofosfamidi pamoja na dawa nyingine ikiwemo vinkristini, waliweza kuonekana taya likinywea katika siku chache, na baadhi walipona kabisa wakati ambapo kupona saratani kwa dawa pekee kulikuwa jambo la nadra duniani. Uvimbe huo ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu, kiasi cha seli zake kuweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, dawa inayonasa seli zinazogawanyika hukuta karibu kila seli mlangoni.

Kwa maoni yangu mafanikio hayo, pamoja na yale ya lukemia, yaani saratani za damu, za watoto, yalikuwa mazuri kiasi cha kuwafanya wengi waichukulie saratani ya Burkitt kuwa mfano wa saratani zote. Saratani nyingi za watu wazima haziendi kwa kasi hiyo. Uvimbe wa titi au wa utumbo mpana unaweza kuchukua miezi kuongezeka maradufu, na mtaalamu akitazama kipande chake kwenye hadubini huona seli chache tu zinazogawanyika kwa wakati mmoja. Uboho wa mtu mzima mwenye afya, ngozi ya ndani ya utumbo na mashina ya nywele hugawanya seli zake haraka kuliko uvimbe huo. Kama kasi ndiyo ingekuwa sababu ya paklitakseli kufanya kazi, dawa hiyo ingemaliza uboho wa mgonjwa kabla ya kuugusa uvimbe wa titi, lakini kinachotokea ni kwamba wanawake wengi huona uvimbe ukinywea huku chembe nyeupe zikishuka na kupanda tena kati ya dozi moja na nyingine.

Kitendawili hiki kilijitokeza wazi zaidi pale viwanda vilipojaribu kutengeneza dawa bora kuliko paklitakseli. Tatizo kubwa la dawa za mikrotubuli ni kwamba mishipa ya fahamu nayo hutumia nyuzi hizo hizo kusafirisha vitu kutoka uti wa mgongo hadi vidoleni, umbali unaoweza kufika mita moja, hata kama seli za mishipa ya fahamu hazigawanyiki. Ndiyo maana wagonjwa hupata ganzi na michomo ya mikono na miguu. Hoja ilikuwa rahisi: itafutwe protini ambayo kazi yake iko kwenye mgawanyiko tu, izuiwe hiyo, mishipa ya fahamu ipone. Mwaka 1999 watafiti walitangaza monastroli, kemikali inayozuia kinesini iitwayo Eg5, ile inayosukuma ncha mbili za seli ziachane. Dawa zilizofuata njia hiyo zilifika kwa wagonjwa, na nyingine zikalenga vimeng'enya vya Aurora na PLK1, ambavyo huongoza hatua za mgawanyiko. Kwa upande wa mishipa ya fahamu, dawa za Eg5 zilifanya kama zilivyotarajiwa, kwani ganzi ilikuwa ndogo. Hata hivyo uvimbe haukunywea vya kutosha, na chembe nyeupe za damu zilishuka. Alisertibu, dawa ya Aurora, haikufaulu katika jaribio kubwa la limfoma za seli T, yaani saratani za chembe za kinga ya mwili, na volasertibu, dawa ya PLK1, haikufikia lengo lake katika jaribio kubwa la lukemia.

Kushindwa huko kulifundisha kuliko mafanikio mengi. Dawa zilikuwa zinazuia mgawanyiko kweli, kwa usahihi mkubwa, na bado saratani ilibaki. Hii ina maana kwamba kuzuia mgawanyiko kwenyewe hakutofautishi seli ya saratani na seli ya uboho, kwa kuwa zote mbili zinatumia Eg5 kwa namna ile ile. Kinachoweza kuzitofautisha kitafutwe kwingine, na hapo ndipo kasoro alizoziona Hansemann zinaporudi kwenye meza ya wanasayansi.

Seli nyingi za saratani hazina kromosomu 46. Takriban asilimia 90 ya saratani zinazofanya uvimbe wa nyama ngumu zina idadi isiyo sahihi, hali inayoitwa anuploidi. Unaweza kukuta seli yenye kromosomu 60 au 75, ikiwa na nakala nne za kromosomu moja na nakala moja ya nyingine. Katika karibu saratani 3 kati ya 10 zilizoendelea, seli ya asili iliwahi kuongeza kromosomu zake zote maradufu bila kugawanyika, kisha ikaanza kuzipoteza ovyo. Aliyekuwa wa kwanza kufikiri kwa kina juu ya matokeo ya hali kama hiyo ni Theodor Boveri, Mjerumani aliyefanya majaribio kwa mayai ya wanyama wa baharini wenye miiba, jamaa ya kiti cha pweza. Yai lililoingiwa na mbegu mbili badala ya moja liligawanyika kwa ncha nne, likatoa seli zenye mchanganyiko wa kromosomu usio na mpango, na karibu mayai yote ya namna hiyo yalikufa. Boveri alieleza jambo hilo mwaka 1902, na mwaka 1914, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alipendekeza kwamba saratani hutokana na seli ambayo mchanganyiko wake mbovu haukuiua.

Ukiyaweka majaribio ya Boveri karibu na ugonjwa wenyewe, jambo la kushangaza ni kwamba seli za saratani ziko hai. Kwa kanuni zilezile zilizoua mayai yake, seli yenye sentrosomu nne na kromosomu 75 ilipaswa kufa baada ya mgawanyiko mmoja au miwili. Kama inaendelea, basi imepata njia ya kujisaidia. Mtu mwenye mguu uliovunjika hutembea kwa mkongojo, na mwizi wa mikongojo akipita sokoni atawaangusha vilema peke yao. Lugha ya wataalamu huyaita mauaji ya namna hii vifo vya pamoja vya jeni, maana upungufu mmoja pekee unavumilika na wa pili pekee unavumilika, lakini vyote viwili vikikutana seli haiponi. Mfano uliokwisha kufika hospitalini hauhusu nyuzi za mgawanyiko bali ukarabati wa vinasaba: mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba seli zilizopoteza jeni ya BRCA hufa kimeng'enya cha PARP kinapozuiwa, na mwaka 2014 olaparibu iliidhinishwa kwa saratani ya ovari kwa msingi huo.

Kwa upande wa mgawanyiko, mkongojo wa kwanza kuonekana wazi ulihusu sentrosomu zilizozidi. Seli yenye sentrosomu nne ingegawanyika pande nne kama mayai ya Boveri, kama isingekuwa na uwezo wa kuzikusanya mbili mbili na kuigiza seli yenye ncha mbili tu. Mwaka 2008 maabara ya David Pellman mjini Boston ilizima jeni moja baada ya nyingine katika seli za nzi wa matunda ili kujua ni ipi inayohitajika kwa ukusanyaji huo, na ikaipata kinesini ambayo kwa binadamu inaitwa HSET. Seli za saratani zenye sentrosomu nyingi zilipopunguziwa HSET zilitawanyika pande nyingi na kufa, ilhali seli zenye sentrosomu mbili hazikuonekana kujali. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Heidelberg walikuwa wamegundua kwamba griseofulvini nayo huvuruga ukusanyaji wa sentrosomu. Griseofulvini ni dawa ya kuvu ambayo wazazi wengi wa Tanzania wanaifahamu, kwa kuwa watoto hupewa vidonge vyake kutibu mapunye. Nasisitiza, kwa sababu habari za aina hii husambaa mitandaoni zikiwa zimekatwa nusu, kwamba matokeo hayo yalipatikana kwa seli zilizooteshwa maabara na kwamba vidonge vya mapunye si tiba ya saratani; thamani yake ilikuwa kuonyesha kuwa udhaifu huo unaweza kuguswa kwa kemikali.

HSET haijatoa dawa iliyofaulu kufika hospitalini. Protini iliyovuta macho ya wengi zaidi ni kinesini nyingine, KIF18A, na kisa chake kinastahili kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa ndicho kinachoonyesha mantiki yote kwa uwazi.

KIF18A hutembea hadi mwisho wa nyuzi zilizozishika kromosomu na kuzituliza, ili kromosomu zisiyumbeyumbe huku na huku zinapopangwa katikati ya seli. Katika seli yenye afya kazi hiyo ni ya kurekebisha tu. Ikiondolewa, kromosomu hupangwa kwa mstari uliopinda kidogo, ukaguzi huridhika, na mgawanyiko huisha salama. Panya waliozaliwa bila KIF18A huishi na kukua. Hitilafu kubwa iliyoonekana ni kwamba madume hawazai, kwa kuwa seli zinazotengeneza mbegu huihitaji. Kwa mtengenezaji wa dawa, habari ya protini ambayo mnyama mzima anaweza kuikosa na bado akaishi ni habari njema kuliko nyingi.

Mwanzoni mwa 2021 makundi mawili yalichapisha kwa pamoja matokeo yanayokamilishana. Kundi la Uri Ben-David wa Tel Aviv, likitumia kumbukumbu za takriban aina 1,000 za seli za saratani, nyingi kati yake zikiwa zimezimiwa jeni moja baada ya nyingine na kupimwa, liliuliza ni jeni zipi ambazo seli zenye anuploidi nyingi hazivumilii kuzikosa ilhali seli zenye kromosomu karibu na 46 huvumilia. Kundi la Neil Ganem wa Boston liliuliza swali hilo hilo kwa seli zilizowahi kuongeza kromosomu zake zote maradufu. Majibu yote mawili yaliitaja KIF18A. Katika mwaka huo huo kundi la Jason Stumpff, wa Vermont, lilionyesha jambo lile lile kwa seli za titi na za utumbo mpana ambazo hazitulii katika kromosomu zake. Kwamba watu walioanza mahali tofauti walifika kwenye protini moja kati ya maelfu ni sababu nzuri ya kuliamini jambo, zaidi ya takwimu ya jaribio lolote moja.

Kwa nini seli hizo huihitaji? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyuzi za seli yenye kromosomu zisizo sahihi hukua na kufupika kwa namna isiyo ya kawaida, pengine kwa sababu seli inazalisha protini za nyuzi kwa uwiano uliopotoka. Kwa seli kama hiyo KIF18A ndiyo breki ya mwisho. Breki ikiondolewa, kromosomu huyumba sana, ukaguzi hukataa kutoa ruhusa, seli hukaa katikati ya mgawanyiko kwa saa nyingi, ncha zake huanza kupasuka vipande, na hatimaye hufa au hutoka ikiwa na mabaki ya kromosomu yaliyotawanyika katika viini vidogo vidogo pembeni. Viini vidogo vya namna hiyo mara nyingi huwa na utando dhaifu. Vinapopasuka, vinasaba vilivyomwagika huamsha kengele ambayo seli huitumia kutambua virusi, jambo linaloweza kuwaita askari wa kinga ya mwili. Sehemu hii ya mwisho bado inajadiliwa, kwa sababu saratani nyingine zimejifunza kuizima kengele hiyo au hata kuitumia kusambaa.

Dawa za kuzuia KIF18A, mojawapo ikiwa sovilnesibu, zimefika kwenye majaribio ya binadamu, na saratani ya ovari iliyoacha kuitikia dawa za platinamu imepewa nafasi ya mbele. Uchaguzi huo una sababu yake. Katika aina iliyo ya kawaida na kali zaidi ya saratani ya ovari, karibu wagonjwa wote wana uvimbe ambao jeni yake ya p53, ile inayoizuia seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika, imeharibika, na kromosomu za uvimbe huo ni miongoni mwa zilizovurugika kuliko za saratani yoyote. Kama hoja ya mkongojo ni ya kweli, inapaswa kuonekana hapo kabla ya kwingineko.

Mfano wa tatu ni mwembamba zaidi na kwa sababu hiyo unavutia. Baadhi ya saratani za titi, na saratani nyingi za watoto zinazoitwa nyuroblastoma, zina nakala za ziada za kipande cha kromosomu 17 chenye jeni iitwayo TRIM37. Jeni hiyo ikizidi, huharibu akiba ya protini ambazo seli ingezitumia kujenga ncha za mgawanyiko endapo sentrosomu zingekosekana. Seli kama hiyo haina tatizo maadamu ina sentrosomu zake. Mwaka 2015 ilitengenezwa kemikali iitwayo sentrinoni, inayozuia kimeng'enya cha PLK4 ambacho hujenga sentrosomu mpya. Seli zenye afya zikinyimwa sentrosomu husimama kugawanyika, na kemikali ikiondolewa huzijenga upya. Mwaka 2020 makundi mawili yalionyesha kwamba seli zenye TRIM37 iliyozidi zikinyimwa sentrosomu hushindwa kabisa kujenga nyuzi za mgawanyiko na kufa. Tofauti na anuploidi, ambayo ni hali pana yenye viwango vingi, hapa kuna kipimo kimoja kinachoeleweka: hesabu nakala za TRIM37. Mwaka 2024 dawa ya kuzuia PLK4 iitwayo RP-1664 iliingia kwenye majaribio ya binadamu kwa msingi huo.

Sambamba na utafutaji wa mikongojo kuna wazo la pili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kama wazimu: badala ya kuipokonya seli mkongojo wake, kasoro zake za mgawanyiko ziongezwe. Seli ya saratani inavumilia kupoteza kromosomu moja au mbili kila inapogawanyika, lakini ina kikomo. Mwaka 2004 Geert Kops, Daniel Foltz na Don Cleveland walionyesha kwamba seli za saratani zilizonyimwa ukaguzi wa mgawanyiko hupoteza kromosomu nyingi kwa wakati mmoja na kufa ndani ya migawanyiko michache. Seli ambayo tayari iko karibu na kikomo husukumwa kwa nguvu ndogo, na ile iliyo mbali nacho inaweza kustahimili msukumo ule ule.

Wazo hili ndilo linaloturudisha kwa paklitakseli kwa jicho jipya. Mwaka 2014 kundi la Beth Weaver wa Chuo Kikuu cha Wisconsin lilichapisha vipimo vya kiwango cha dawa hiyo ndani ya uvimbe wa titi wa wanawake waliopewa dozi yao ya kwanza. Kiwango kilikuwa kidogo kuliko kile ambacho maabara zilikuwa zimezoea kukitumia, na kwa kiwango hicho seli hazikukwama katikati ya mgawanyiko kama vitabu vinavyosema. Ziliendelea kugawanyika, ila kwa ncha tatu au zaidi, zikitoa seli zenye kromosomu zilizogawiwa vibaya mno kuweza kuishi. Kama hivyo ndivyo ilivyo, basi dawa ambayo kwa miaka mingi imeelezwa kuwa inazuia mgawanyiko imekuwa ikifanya kazi kwa kuuharibu, na dawa za Eg5 zilizotengenezwa kuiga uzuiaji wake ziliiga kitu ambacho hakikuwa siri ya mafanikio yake. Sijui maelezo mengine yanayokifungua kitendawili cha kasi kwa urahisi kama haya.

Kwa wagonjwa wa kanda yetu suala hili si la mbali, kwa kuwa paklitakseli iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hutumiwa kwa saratani za titi, ovari na mlango wa kizazi. Mwaka 2020 jaribio lililofanyika katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye Kaposi sarkoma iliyoendelea, paklitakseli pamoja na dawa za kufubaza virusi ilifanya vizuri kuliko mseto wa bleomisini na vinkristini uliokuwa umezoeleka. Ikiwa inajulikana ni uvimbe upi ulio karibu na kikomo chake cha kuvumilia kasoro, ingewezekana kujua mapema nani atafaidika na dawa hiyo na nani atapata ganzi ya bure.

Ugumu uko hapo hapo kwenye kujua. Idadi ya kromosomu inaweza kukadiriwa kwa kusoma vinasaba vya uvimbe, lakini idadi ni picha ya wakati mmoja: seli yenye kromosomu 70 inaweza kuwa imetulia kwa miaka, na yenye 50 ikawa inabadilika kila inapogawanyika. Kinachotakiwa ni kasi ya makosa, ambayo hupimwa vizuri katika seli hai na kwa shida sana katika kipande kilichokaushwa na kutiwa rangi. Tena uvimbe mmoja una makundi mengi ya seli, na seli zinazobadilika haraka ndizo zinazopata upesi njia ya kuikwepa dawa, kwa hiyo kasoro ile ile inayoifanya seli ishikike ndiyo inayompa ndugu yake nafasi ya kutoroka. Madhara nayo hayajulikani mpaka watu watibiwe kwa muda mrefu: yale ya panya madume yanaashiria kwamba uzazi wa wanaume unahitaji kuangaliwa, na uboho, hata usipoitegemea KIF18A kwa kiwango cha saratani, unagawanyika kila siku.

Kwa hiyo anayefuatilia majaribio ya dawa hizi asitosheke na kusikia kwamba uvimbe wa wagonjwa kadhaa umenywea. Aulize kama waliopata nafuu ndio waliokuwa na kromosomu zisizotulia, na kama wale ambao kromosomu zao zilikuwa shwari hawakunufaika. Dawa inayowapa wote nafuu sawasawa itakuwa imerudi kwenye kundi la Eg5, kwa jina jipya. Inayowagawa kwa kipimo kilichotangazwa kabla ya jaribio kuanza ndiyo itakayokuwa imeigusa kasoro yenyewe.